Akiba Inayooza na Akiba Inayokosekana

Kuna jambo moja ambalo wananchi wa mwambao huu wa kaskazini na ndugu zao wa visiwani wamelizoea mno, hata haliwashangazi tena. Katika wilaya moja, na pengine katika mwezi mmoja, zahanati moja hukutwa na makasha ya dawa zilizopitwa na muda wake, zikingoja kibali cha kuteketezwa. Na zahanati nyingine, mwendo wa saa moja tu kwa baiskeli, humrudisha mama mwenye mtoto mgonjwa akiwa na kipande cha karatasi mkononi, akanunue dawa ile ile dukani. Madukani nako hali haitofautiani sana. Mkate hubaki hata ukaota ukungu, ilhali tende huadimika kabla Ramadhani haijaingia kumi la pili.

Likitokea jambo hili, hukumu mbili hutolewa upesi. Wananchi husema kuna wizi. Wakubwa wa ofisi husema fedha hazitoshi. Hapana awezaye kudai kwamba hukumu hizo hazina ukweli. Wizi upo mahali pengine, na fedha hazijapata kutosha. Lakini wizi hauelezi kwa nini dawa zilizokaa salama stoo zikaoza, wala upungufu wa fedha hauelezi kwa nini fedha hizo chache zilinunua kisichohitajiwa.

Sisi twaona kuna sababu ya tatu, ambayo aghalabu haitajwi kwa kuwa haina mtu wa kukamatwa. Sababu hiyo ni namna mwanadamu anavyofikiri anapotakiwa kuagiza leo kitu kitakachohitajiwa kesho, hali kesho haijui. Makosa yake katika kazi hiyo hayaji ovyo. Yana mkondo wake, mkondo huo umepimwa na watu wenye elimu, na maadamu unajulikana, unaweza kuzibwa.

Kuagiza kabla ya kujua

Mwenye duka wa Mabawa anayeagiza unga na mafuta kwa tajiri wa duka la jumla, mama wa soko la Mgandini anayenunua samaki alfajiri, nahodha anayepakia shehena ya Pemba katika bandari ya Tanga, na mganga mfawidhi anayejaza fomu ya dawa za miezi ijayo, wote wana shida moja. Wakiagiza kidogo, watakosa cha kuuza au cha kugawa. Wakiagiza kingi, kitabaki, na kilichobaki kina gharama yake. Idadi ya watakaokuja hawaijui.

Wataalamu wa hesabu za biashara wameipa shida hii jina la mwuza magazeti, nasi tulio katika kazi hii twaelewa kwa nini. Gazeti la leo likibaki, kesho ni la kufungia maandazi. Likiisha mapema, msomaji hurudi mikono mitupu, na hakuna daftari linalomwandika. Mwaka 1888 mchumi wa Uingereza, Francis Edgeworth, aliitazama shida hiyo upande wa benki: ni fedha taslimu kiasi gani ziwekwe akiba, ilhali haijulikani ni wateja wangapi watakuja kuchukua amana zao? Tangu miaka ya 1950 jawabu lake limekuwa likifundishwa vyuoni, na kiini chake ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Pima hasara ya kukosa. Pima hasara ya kubakiza. Kisha agiza kwa kuegemea upande ule ambao kukosea kwake kuna hasara ndogo zaidi.

Tuchukue mfano wa mkate. Mwenye duka anaununua kwa shilingi 1,000 na kuuza kwa 1,200. Ukibaki, wa kuku. Akiupungukia, amekosa faida ya shilingi 200. Akiubakiza, amepoteza shilingi 1,000. Hesabu humwambia aagize kiasi kidogo, kitakachotosha siku 1 tu kati ya siku 6. Siku nyingine 5 mkate uishe mapema, na wala si vibaya. Mteja anayemlaumu kwa uvivu anakosea, kwa maana mtu huyo anaijua biashara yake.

Sasa tuchukue tende za Ramadhani. Ananunua kilo kwa shilingi 4,000 na kuuza kwa 6,000. Ikibaki baada ya Idd, ataiuza kwa 3,500. Kukosa kilo moja kwamnyima shilingi 2,000; kubakiza kilo moja kwamtia hasara ya shilingi 500 tu. Huyu yampasa aagize kwa wingi, kiasi kitakachotosha Ramadhani 4 kati ya 5. Akiona tende zimebaki kidogo kila mwaka, asijilaumu. Ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Kwa hiyo mtu yule yule, katika duka lile lile, anapaswa kuwa mwoga kwa bidhaa moja na shujaa kwa nyingine. Hapo ndipo binadamu anaposhindwa.

Mkono unaovutwa katikati

Mwaka 2000 wasomi wawili wa huko Marekani, Maurice Schweitzer na Gérard Cachon, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa biashara. Wanafunzi hao walielezwa wazi kwamba mahitaji ya kila duru yangekuwa namba yoyote kati ya 1 na 300, kila namba ikiwa na nafasi sawa na nyingine. Bidhaa iliuzwa kwa 12 katika fedha ya mchezo. Katika sehemu moja ya jaribio ilinunuliwa kwa 3, katika sehemu nyingine kwa 9, na iliyobaki haikuwa na thamani yoyote. Kwa hesabu tuliyoieleza hapo juu, bidhaa ya faida kubwa ilifaa kuagizwa 225, na ile ya faida ndogo 75.

Wanafunzi waliagiza kwa wastani karibu 177 badala ya 225, na karibu 134 badala ya 75. Yaani bidhaa iliyostahili kuagizwa kwa wingi waliiagiza pungufu, na iliyostahili kuagizwa kidogo waliizidisha. Mkono wao ulikuwa ukivutwa kuelekea 150, ambayo ni katikati. Aidha, ilionekana kwamba wengi walikuwa wakibadili agizo lao kuyafuata mahitaji ya duru iliyopita, ingawa duru iliyopita haikuwa na habari yoyote kuhusu ijayo.

Pengine msomaji atasema hao walikuwa wanafunzi, hawajaonja machungu ya biashara. Lakini mwaka 2012 Gary Bolton, Axel Ockenfels na Ulrich Thonemann walitoa matokeo ya jaribio la namna hiyo lililowahusisha mameneja wenye uzoefu wa kazi. Nao mikono yao ilivutwa katikati vile vile. Uzoefu peke yake hauponyi maradhi haya.

Tukirudi kwetu, mkondo huo twauona waziwazi. Mwenye duka huagiza mkate wa wastani na tende za wastani, mkate ukabaki na tende zikakosekana, akasema bahati yake mbaya. Isitoshe, Ramadhani humtega kwa njia nyingine. Kwa kuwa mwezi mwandamo ni mfupi, Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Anayefungua daftari la Machi ya mwaka jana ili aagize ya Machi mwaka huu anasoma mwezi usio wake. Na anayetazama mauzo ya Shaabani ili aagize ya Ramadhani anaufuata mwezi uliopita kama wale wanafunzi wa Marekani. Mauzo ya wiki iliyopita hukaa mbele ya macho. Msimu unaokuja hauonekani bado, na macho hushinda.

Dawa si mkate

Kwa tende na mkate hasara ni ya mfuko wa mtu mmoja. Mambo huwa mazito tunapofika kwenye dawa, na hapa twawaomba wakuu wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani, watusikilize kwa makini.

Tukiuliza hasara ya kukosa dawa ya malaria kwa mtoto wa miaka miwili, jawabu tunalijua sote. Tukiuliza hasara ya dozi moja kubaki hadi ikapitwa na muda, jawabu ni bei ya dozi hiyo na gharama ya kuiteketeza. Mizani hii haina ugumu. Dawa za kuokoa uhai ziko upande wa tende, tena kwa mbali sana. Zinapaswa kuagizwa kwa kuegemea wingi. Mbona basi hukosekana?

Kwanza, kwa sababu kasha lililooza huonekana, na mgonjwa aliyekosa haonekani. Mkaguzi akifika kituoni, makasha yaliyopitwa na muda yapo rafuni, yana namba na thamani ya fedha, na mfawidhi ataandikiwa hoja ajibu. Mgonjwa aliyerudishwa siku ya Jumanne hana namba. Amekwenda zake, amenunua dukani kama alikuwa na fedha, na kama hakuwa nazo, Mungu ndiye ajuaye. Ni kweli kwamba ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja mara kwa mara mambo yote mawili, dawa zilizooza na dawa zilizokosekana. Lakini mfawidhi wa zahanati haogopi ripoti ya taifa. Anaogopa barua yenye jina lake, na barua hiyo huja kwa ajili ya kilichooza. Mtu wa namna hiyo akiagiza kwa hofu, si haki kumwita mzembe. Amefanya hesabu sahihi kwa mizani tuliyompa, na mizani ndiyo yenye kasoro.

Pili, kwa sababu daftari lenyewe husema uongo bila kukusudia. Tuseme zahanati huhitajiwa dozi 3 kila siku, yaani 90 kwa siku 30. Mwezi mmoja dawa ikaisha siku ya 20. Leja itaonyesha dozi 60 zimetumika. Mfawidhi akigawa 60 kwa siku 30, atapata dozi 2 kwa siku, ataagiza 60, na mwezi ufuatao dawa itaisha tena siku ya 20. Leja itathibitisha kwamba 60 ndiyo mahitaji. Kijiji kitakuwa kimehukumiwa kukosa dawa theluthi moja ya mwezi, kila mwezi, na vitabu vyote vikiwa safi. Kumbe angegawa 60 kwa siku 20 ambazo dawa ilikuwepo, angeipata 3 yake, na kosa lingekwisha. Tofauti ya mema na mabaya hapa ni safu moja tu ya kuandikia siku ambazo rafu ilikuwa tupu.

Tatu, mazoea hukawia kuondoka hata mambo yanapobadilika kuwa mema. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto ya malaria mwaka 2003, na Bara ikaingia katika dawa mseto mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007. Pamoja na vyandarua na hatua nyingine, malaria huko visiwani ilishuka sana katika miaka michache. Kisha vipimo vya haraka vilienea, na homa zilizokuwa zikihesabiwa zote kuwa malaria zikaanza kutenganishwa. Mahitaji ya kweli ya dawa yalishuka. Katika hali kama hiyo, kalamu inayoagiza kwa mazoea huzidisha, na kasha huoza. Kwa hiyo kosa moja la akili, la kushikilia namba ya jana, huleta uhaba mahali pamoja na ziada mahali pengine. Ndiyo maana twasema kuwa makasha yanayoteketezwa na mama anayerudishwa ni watoto wa mzazi mmoja.

Anayetilia shaka kwamba kuona tu kunaweza kusaidia na ayatazame majaribio yaliyofanyika nchini mwetu kati ya mwaka 2009 na 2010. Vituo 129 katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga vilitakiwa kutuma kila wiki, kwa ujumbe wa simu ya mkononi, idadi ya dawa za malaria zilizobaki. Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21, vilikuwa 26 katika kila 100. Kiini cha kazi ile hakikuwa kiwanda kipya wala ghala jipya. Kiini kilikuwa kwamba rafu tupu iliandikwa kila wiki, na aliye juu aliisoma wiki hiyo hiyo akiwa bado anaweza kufanya jambo.

Uongo wa maagizo

Kuna kosa jingine ambalo halitoki kwa mtu mmoja, ila kwa watu wengi wanaohofiana. Wazee wetu wanalikumbuka vizuri.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla iliingia mikononi mwa shirika la umma, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi hiyo ikakabidhiwa makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni. Sabuni, sukari, mafuta ya kula na khanga zikawa za foleni. Mwaka 1983 Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaendesha msako mkali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi.

Walanguzi walikuwepo, hatuwatetei. Lakini pembeni mwao kulikuwa na watu wema wasiohesabika waliofanya kosa dogo dogo la akili. Mtu aliyejua kwamba akiomba mche mmoja wa sabuni atapewa nusu, aliomba miwili. Aliyeona foleni aliingia kwanza, kisha akauliza kinauzwa nini. Duka lililozoea kupata robo ya agizo liliagiza mara nne. Kila mmoja alikuwa na haki katika nafsi yake, na wote kwa pamoja walifanya uhaba mdogo uwe mkubwa. Na aliyekaa juu akitazama maagizo hakuweza kujua tena watu wanahitaji nini hasa. Hili si tabia ya Waswahili peke yao. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia Ulaya na Marekani, watu wa huko waligombea karatasi za chooni hata rafu za maduka makubwa zikabaki tupu.

Katika chuo cha MIT, Marekani, kuna mchezo wa kufundishia ambamo watu wanne hukaa katika mnyororo mmoja: mwenye duka, mwenye ghala la jumla, msambazaji na mwenye kiwanda. Kila mmoja huona agizo la aliye chini yake tu. Mahitaji ya wateja hupanda mara moja, kisha hutulia moja kwa moja. Hata hivyo maagizo huanza kuyumba, na kila yanapopanda ngazi huyumba zaidi, mpaka mwenye kiwanda akaona gharika na ukame ambavyo havikuwahi kutokea. Mwaka 1989 John Sterman alionyesha kwamba gharama za wachezaji zilikuwa kwa wastani kama mara 10 ya gharama ambayo ingewezekana. Jambo la kuzingatia ni hili: walipoulizwa, wachezaji wengi waliamini kwamba wateja ndio walioyumba. Mwenye kosa hakuliona kosa lake, kwa kuwa lilimrudia likiwa limevaa nguo za mwingine.

Hayo ndiyo yanayoweza kutokea kati ya zahanati, wilaya na Bohari ya Dawa. Kituo kilichoomba 100 kikapewa 50, mara ijayo kitaomba 200. Bohari itaona mlima wa mahitaji ambao haupo, itatafuta fedha, itaagiza ng'ambo, na shehena itafika baada ya miezi mingi, wakati kila kituo kimekwisha kuazima kwa jirani na kutulia. Mlima ule ndio makasha tunayoyateketeza.

Bahari huongeza bei ya kutojua

Ndugu zetu wa Pemba na Unguja, na wale wa visiwa vidogo kama Kojani na Tumbatu, wana sababu ya kuliangalia jambo hili kwa jicho kali zaidi. Mwenye duka wa Mabawa akikosea, kesho gari litamletea. Mwenye duka wa Wete au Mkoani akikosea, hungoja chombo. Na wakati wa kusi chombo nacho hungoja bahari.

Kadiri muda wa kungoja unavyorefuka, ndivyo mambo yasiyojulikana yanavyoongezeka ndani yake. Hesabu ya kawaida husema kwamba muda wa kungoja ukiwa mara 4, akiba ya tahadhari iwe mara 2. Haina haja ya kuwa mara 4, kwa sababu siku za wingi na siku za uchache hufidiana. Lakini haiwezi kubaki ile ile. Wastani uleule uliotosha Tanga mjini, ukipelekwa kisiwani bila nyongeza, ni uhaba uliopangwa mezani.

Vile vile si kila kitu kifaacho kutawanywa. Dawa inayohitajiwa mara chache, ikigawiwa vituo 20, kila kituo kitakuwa na kidogo kisichotosha au kitakachooza. Ikiwekwa mahali pamoja panapofikika, yule mmoja atakayeihitaji ataipata. Lakini dawa ya kuzuia damu ya mzazi, au dawa ya kuongeza maji mwilini kwa anayeharisha, haiwezi kuvuka mlango wa bahari usiku kumfuata mgonjwa. Hiyo ikae karibu, na ikae nyingi. Kuchagua ipi ikusanywe na ipi itawanywe ni kazi ya mtu anayeijua ramani na majira ya bahari, na wenyeji wa visiwa waitwe katika uamuzi huo.

Lipi lifanyike

Tunatoa mapendekezo matano, na hakuna hata moja linalongoja mkopo.

La kwanza, kila kituo cha afya na kila duka lenye nia ya kuendelea liandike kilichoombwa kikakosekana, kama linavyoandika kilichotoka. Fomu zenye nafasi ya siku za kuishiwa zijazwe nafasi hiyo kwa ukweli, na wastani ugawiwe kwa siku ambazo bidhaa ilikuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza kwamba daftari linaloandika kilichotoka tu ni nusu ya daftari.

La pili, mkaguzi aulize maswali mawili kwa uzito mmoja: kimeoza nini, na nani alirudishwa. Kwa kila dawa ya kuokoa uhai iwekwe mapema, kwa maandishi, kiwango cha upotevu kinachokubalika. Tunajua wako watakaosema huku ni kufungua mlango kwa wezi. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana tunasema kiwango kiwekwe mapema na kwa kila dawa, ili kinachozidi kiwe na wa kujibu. Lakini ukweli usemwe: ghala ambalo halijapata kutupa hata chupa moja ya dawa ya namna hiyo, hapana shaka lina siku liliyomkosesha mtu.

La tatu, maagizo yasibadilishwe kila wiki kwa kufuata upepo. Mwaka 2008 Gary Bolton na Elena Katok walionyesha kwamba watu waliolazimishwa kushika kiwango kimoja kwa duru 10 walifanya vizuri zaidi kuliko walioachwa wabadilishe kila duru. Kiwango kiwekwe kwa msimu, masika kiwe chake na vuli kiwe chake, nacho kiheshimiwe mpaka msimu uishe, isipokuwa kwa dharura iliyo dhahiri.

La nne, wakati wa uhaba mgao ufuate matumizi ya kweli ya nyuma, yaliyosahihishwa kwa siku za kuishiwa, usifuate ukubwa wa maombi. Mtu akijua kwamba kuomba mara mbili hakumpi zaidi, ataacha. Na bohari kwa upande wake iwaambie walio chini, bila kuficha, kitakachokuja na lini kitakuja. Mtu anayejua tarehe hana sababu ya kuomba kwa hofu.

La tano, halmashauri za Bara na wenzao wa Zanzibar waandae utaratibu wa kusogeza ziada kabla haijaoza. Kasha lenye miezi 4 ya uhai ni ziada katika kituo kimoja na ni uhai katika kituo cha jirani. Kibali cha kulihamisha kisichukue miezi 5.

Tumekwisha kusema kwamba wizi upo na upungufu wa fedha upo. Vita dhidi ya hayo viendelee. Lakini fedha zikiongezwa kesho na kalamu ikabaki ile ile, tutateketeza makasha mengi zaidi na kuwarudisha kina mama wale wale. Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema hivyo wakimfikiria mtu anayejiwekea kwa ajili ya siku ya dhiki. Akiba ya dawa huoza, tena ina tarehe yake ya kuoza, imeandikwa ubavuni mwa kasha. Kwa hiyo anayeagiza dawa hana budi kujua kuwa atakosea, kisha achague akosee upande upi. Kwa miaka mingi tumeacha hofu ya barua ichague kwa niaba yetu. Wakati umefika uchaguzi huo ufanywe mchana, kwa mizani iliyo wazi, na wakubwa wa ofisi wawe wa kwanza kuishika.